Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Sukari inayoshuka inawaangusha wazee wetu

Tanga

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mganga Mkuu wa Serikali,
Dodoma.

Waheshimiwa,

YAH: WAZEE WENYE KISUKARI WANAODHURIKA KWA SUKARI KUSHUKA

Nawasalimu kwa heshima. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni binti wa mzee wa miaka 78, mstaafu wa reli, anayeishi na kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka 20. Naishi naye, nampikia, nampangia dawa na kumpeleka kliniki. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani nimezipita zote. Nilianza na sanduku la maoni la hospitali anakotibiwa, nikaonana na mhusika wa malalamiko, nikaandika barua kwa uongozi, kisha nikapeleka nakala ngazi iliyo juu yake. Kila nilipogonga niliambiwa jambo langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi, kliniki ileile inaendelea kuwapa wazee wengine dawa ileile, kidonge cha sukari kiitwacho glibenklamidi, kwa maelekezo yaleyale, nami nakaa nao benchi moja nikiwatazama wanavyoweka pakiti kwenye mifuko yao.

Sina ugomvi na wauguzi wala madaktari. Aliyemwokoa baba yangu ni muuguzi. Ninacholalamikia ni utaratibu mzima unaomtazama mzee mwenye kisukari kwa jicho moja tu, lile la sukari iliyopanda, na kuiachia familia igundue yenyewe hatari ya sukari iliyoshuka.

Yaliyotupata ni haya. Baba alipata maambukizi ya njia ya mkojo, akaandikiwa kotrimoksazoli, ile antibiotiki wengi wetu tunaiita Septrin, ambayo inaweza kuzidisha makali ya vidonge vya sukari. Hakuna aliyeuliza anameza dawa gani za sukari, ingawa daftari la kliniki alikuwa nalo mkononi. Homa ikamkata hamu ya kula. Jioni moja alikunywa uji vijiko vichache akasema basi, lakini kidonge chake cha sukari alimeza, maana miaka yote ameambiwa asikose dawa hata siku moja. Kabla ya alfajiri nilimkuta amelowa jasho, maneno hayashikani, anamwita mama yangu ambaye tulishamzika. Jirani mmoja akasema ni kiharusi. Mwingine akashauri aitwe mtu wa kumsomea. Hospitali walimpima malaria, wakampima presha, tukaambiwa tumsubiri daktari aje aangalie kama ni kiharusi kweli. Muuguzi wa zamu ya asubuhi ndiye aliyemchoma kidole, na kipimo kikasoma milimoli 1.9 kwa lita, chini sana. Alipochomwa glukosi kwenye mshipa, Baba alifumbua macho na kuuliza kwa nini yuko pale. Mchana akaruhusiwa na dawa zake zilezile. Usiku ule ule sukari ikashuka tena, akaanguka akienda msalani, akavunjika nyonga. Sasa hatembei bila kushikwa.

Kila hatua ya mkasa huo ilizuilika. Hoja zangu nazipanga hivi.

1. Dawa isiyowafaa wazee bado iko mikononi mwa wazee.

Kidonge alichokuwa anameza Baba ni glibenklamidi, miligramu 5 asubuhi na 5 jioni, pamoja na metformini, dawa nyingine ya sukari isiyoisukuma kongosho. Glibenklamidi inailazimisha kongosho itoe insulini, na itailazimisha hata siku ambayo mtu hajala kitu. Ini likishaivunjavunja, mabaki yake bado yana nguvu ya kushusha sukari, na sehemu kubwa ya kuyaondoa mabaki hayo ni kazi ya figo. Figo za mtu wa miaka 78 hazina kasi ile ya ujanani, kwa hiyo dawa ya leo inaikuta ya jana bado haijatoka.

Tulipouliza kuhusu figo tuliambiwa kreatinini, taka ya damuni inayotumika kupimia figo, iko sawa. Kreatinini hutokana na misuli, na mzee aliyekonda ana misuli kidogo. Namba ileile inayoonyesha figo nzima kwa kijana wa gereji inaweza kuficha figo iliyochoka kwa mzee wa kilo 49. Ni lazima ipigiwe hesabu pamoja na umri. Hesabu hiyo haikupigwa, na hadi leo sijawahi kuiona kwenye daftari la mzee yeyote niliyekaa naye.

Waheshimiwa, hili wataalamu wanalijua siku nyingi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 iliingiza gliklazidi, kidonge cha sukari cha kundi moja na glibenklamidi, na hapohapo ikaandika kwamba glibenklamidi haifai kwa watu wenye zaidi ya miaka 60. Mwaka mmoja kabla, chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kilikuwa kimeshaiweka glibenklamidi kwenye orodha yake ya dawa za kuepukwa kwa wazee. Na Sera yetu ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60. Yaani mstari uliochorwa na Shirika la Afya Duniani na mstari uliochorwa na Serikali yetu ni mmoja. Anayepita dirisha la wazee kuchukua dawa zake ndiye yule yule aliyetajwa kuwa dawa hii haimfai.

2. Wazee wanapongezwa kwa namba zinazopaswa kuwashtua wahudumu.

Miezi kabla ya kuanguka, Baba alipimwa sukari asubuhi kabla ya kula, ikasoma 4.6. Alipewa hongera mbele ya wenzake. Kwa kijana anayetumia metformini peke yake, 4.6 ni habari njema. Kwa mzee aliyekonda, anayemeza dawa inayoisukuma kongosho, maana yake ni kwamba amebakiza hatua moja afike chini ya 3.9, pale ambapo sukari huhesabiwa kuwa imeshuka. Na ikipita chini ya 3.0 ubongo unaanza kukosa chakula chake.

Chama cha Kisukari cha Marekani kimewawekea wazee malengo tofauti kulingana na hali zao. Mzee mwenye afya njema na akili timamu anaweza kulenga HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, chini ya asilimia 7.0 hadi 7.5. Mwenye maradhi mengine kadhaa, au anayehitaji msaada katika shughuli za kila siku, anatosheka na chini ya 8.0, na sukari yake ya asubuhi ikiwa kati ya 5.0 na 8.3 yuko mahali pazuri. Kwa aliye dhaifu sana wanashauri waganga waache kufukuzia namba hiyo ya HbA1c, wahangaikie asishuke na asipande mpaka akaumwa. Kwenye kliniki yetu lengo ni moja kwa kila anayeingia, awe mwalimu wa miaka 42 au bibi wa miaka 85 ambaye hakumbuki kama asubuhi alikula.

3. Hakuna anayeuliza.

Kila tunapohudhuria huulizwa kama Baba anakula ugali mwingi, kama anakunywa soda, kama anafanya mazoezi. Hajawahi kuulizwa, "Mzee, umewahi kutoka jasho usiku, ukatetemeka, ukachanganyikiwa?" Wala mimi ninayelala chumba cha pili sijaulizwa. Hapa ndipo panaponiuma zaidi, maana wazee wenyewe hawasemi. Wanadhani ni uzee. Mwanamke mmoja tunayekutana naye kliniki anachoma insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Mtoto wa jicho umemfunga, mistari ya sindano haioni, anakadiria. Ananiambia jioni huwa "anapotea kidogo" halafu akila anarudi. Hilo halimo kwenye daftari lake.

Tena kwa wazee dalili zenyewe hufifia. Kijana sukari ikimshuka hutetemeka, moyo ukaenda mbio, njaa ikambana, naye akatafuta kitu cha kula. Mzee aliyekaa na kisukari miaka mingi anaweza kupita hatua hizo bila kuzihisi, akaingia moja kwa moja kwenye usingizi mzito, ukali usio wa kawaida, au maneno yasiyoeleweka. Akiwa anameza propranolo au atenolo kwa ajili ya presha au moyo, mtetemeko na mapigo ya moyo hufichika zaidi, likabaki jasho peke yake. Na Tanga, kwa joto letu, nani atashangazwa na mzee anayetoka jasho?

Uharibifu wake haupiti na asubuhi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 16,000 wa kisukari wenye umri mkubwa huko California ya kaskazini, ulikuta kwamba waliowahi kupelekwa hospitali kwa sababu ya sukari kushuka walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu zaidi kuliko wenzao, na kadiri mikasa ilivyozidi ndivyo hatari ilivyopanda. Anayepoteza kumbukumbu naye husahau kuwa ameshameza dawa, akameza tena.

4. Mzee aliyechanganyikiwa anapimwa kila kitu isipokuwa sukari.

Nchi hii imefanikiwa kuweka kipimo cha haraka cha malaria hadi zahanati za vijijini, na nashukuru kwa hilo. Lakini mzee akifika amechanganyikiwa au hajitambui, tone la damu kwa ajili ya sukari hutegemea bahati: kama mashine ipo, kama ina betri, kama vijiti vya kupimia havijaisha. Sukari iliyoshuka inaweza kumlemaza mtu upande mmoja kwa muda na kumpotosha maneno, akaonekana ana kiharusi kabisa. Kipimo ni cha dakika moja. Ubongo unaosubiri saa tatu unaweza usirudi ulivyokuwa.

5. Mgonjwa anaruhusiwa dawa ikiwa bado mwilini.

Glukosi ya mshipa humwamsha mtu papo hapo, na wote tunashangilia. Tatizo ni kwamba glukosi hiyo inaisha haraka, wakati glibenklamidi kwenye figo dhaifu inaweza kuendelea kuishusha sukari kwa siku mbili au tatu. Mzee wa aina hii anatakiwa alazwe, apimwe kila baada ya saa chache, awekewe dripu ya sukari, na dawa iliyomwangusha isimamishwe. Baba alipewa soda na karatasi ya kuruhusiwa.

6. Mfungo wa Ramadhani unaachiwa kila mtu na bahati yake.

Nasema hili kama Mwislamu wa pwani. Wazee wetu hawataki kuacha funga, na ukimwambia Baba asifunge ni kama umemvua nguo hadharani. Utafiti wa EPIDIAR, uliofanyika katika nchi 13 mwaka 2001, ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya pili matukio ya sukari kushuka vibaya yaliongezeka mara 7.5 ndani ya Ramadhani. Sababu haina siri: mtu anameza kidonge cha asubuhi wakati wa daku kisha anakaa hadi magharibi bila kitu. Dozi inapaswa kupangwa upya wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, dozi kubwa ihamie futari, ya daku ipunguzwe au iondolewe, na mzee aelezwe kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 afungue papo hapo. Ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Kurani yenyewe, sura ya pili, na masheikh wetu wako tayari kuisema wakiombwa. Mwaka wote naona mabango ya kisukari kliniki. La Ramadhani sijaliona.

Waheshimiwa, najua yatakayosemwa, kwa sababu mengi nimeshaambiwa.

Nimeambiwa glibenklamidi ni rahisi na bajeti ni finyu. Gliklazidi nayo haina hakimiliki ya mtu, inatengenezwa na viwanda vingi, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya dunia tangu mwaka huo wa 2013. Haiondoi hatari yote, lakini inaipunguza, na kwa wazee wengine metformini peke yake ingetosha kama figo zinaruhusu. Anayepiga hesabu ya bei ya kidonge aongeze na siku za kulazwa, picha za eksirei, upasuaji wa nyonga, na mtu mzima mwenye kazi anayebaki nyumbani kumwogesha mzazi.

Nimeambiwa wazee hawafuati masharti. Hoja hii naikataa kwa nguvu zangu zote. Baba aliangushwa na utii. Alimeza alichoambiwa ameze, saa aliyoambiwa, hata tumbo likiwa tupu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba siku asipokula chakula, kidonge hicho asikimeze mpaka aulize. Sentensi moja hiyo ingemwacha anatembea mwenyewe.

Nimeambiwa pia kuwa sukari ya juu ndiyo inayoua, na tukilegeza wagonjwa watazembea. Sukari ya juu inaharibu macho, figo na miguu, naijua, nimewaona waliokatwa. Lakini madhara yale huchukua miaka kujengeka, na sukari iliyoshuka humaliza kazi kwa saa chache. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD huko Marekani na Kanada, wenye washiriki zaidi ya 10,000, ulilazimika kusitisha sehemu ya kubana sukari kwa nguvu baada ya kuonekana kwamba waliobanwa sana walikuwa wanakufa zaidi ya wenzao. Na mwaka 2011 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba theluthi mbili hivi za wazee wanaolazwa kwa dharura kutokana na madhara ya dawa huangushwa na makundi manne tu ya dawa. Mawili kati ya hayo manne ni insulini na vidonge vya kushusha sukari.

Kuhusu uchache wa watumishi sina ubishi, nauona kila ninapokaa kwenye foleni. Ila kuuliza swali moja kuhusu jasho la usiku hakuhitaji ajira mpya.

Kwa hiyo tunaomba, mimi na familia tunazokaa nazo benchi moja, yafuatayo yafanyike.

Kwanza kabisa, Wizara itoe waraka kwa vituo vyote, vya umma na binafsi, kwamba mgonjwa mwenye miaka 60 na kuendelea asianzishiwe glibenklamidi, na kila anayeitumia sasa aitwe, figo zake zipigiwe hesabu, abadilishiwe dawa. Bohari ya Dawa ipewe maelekezo na fedha ili mbadala uwepo kwenye rafu kabla waraka haujasomwa, maana waraka bila dawa utatuletea wazee wasio na tiba kabisa.

Pili, daftari la kliniki liongezewe mistari miwili: lengo la sukari la mgonjwa huyu, na kama sukari imewahi kushuka tangu alipohudhuria mara ya mwisho. Mstari wa pili uulizwe kwa mgonjwa na kwa anayemhudumia.

Tatu, kila mahali palipo na kipimo cha haraka cha malaria pawe na mashine ya sukari inayofanya kazi, vijiti vyake, na glukosi ya mshipa. Na iwe amri kwamba mzee aliyechanganyikiwa au kuzimia anapimwa sukari kabla ya jambo jingine lolote. Aliyeangushwa na vidonge vya aina hii asiruhusiwe siku hiyohiyo.

Nne, wauzaji wa maduka ya dawa muhimu wafundishwe kuuliza, "Unatumia dawa ya sukari?" kabla ya kutoa kotrimoksazoli au siprofloksasini, kwa kuwa zote mbili zinaweza kuzidisha makali ya vidonge hivi.

Tano, kabla ya Ramadhani ijayo kliniki zote zitenge siku ya kupanga dozi za wanaotaka kufunga, na viongozi wa dini washirikishwe.

Na familia zifundishwe palepale kliniki, kwa Kiswahili cha kawaida, nini cha kufanya: mzee akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari, apimwe tena baada ya dakika 15, na akishatulia ale chakula. Akiwa hajitambui asimiminiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali, na anayempeleka aseme mlangoni, "Ana kisukari, mpimeni sukari sasa hivi." Maelezo haya nimeyapata kwa kuyatafuta mwenyewe baada ya Baba kuvunjika. Yalipaswa kuwa yamebandikwa ukutani.

Naomba majibu ya barua hii yatolewe hadharani kama ilivyotolewa yenyewe, na yaseme waraka kuhusu glibenklamidi utatoka lini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mzee mwenye kisukari,
Tanga.

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Bohari ya Dawa
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba
Wabunge wote wa Mkoa wa Tanga